Kupiga rafu kasti ukuta wa nje wa tofali za kuchoma, hatua kwa hatua

Watu wakiona ukuta wenye rafu kasti, yaani lipu ya nje yenye manundu, wanaona yale manundu tu, wanadhani kazi yenyewe ni kurusha mota ukutani ikae hovyo hovyo basi imekwisha. Ndo maana unakuta ukuta umependeza mwaka wa kwanza, mwaka wa pili ukiugonga unasikia mlio wa mtungi mtupu, mwaka wa tatu vipande vinadondoka vyenyewe bila kuguswa na mtu. Rafu inaficha makosa kwa macho, kwa maji haifichi kitu. Yale manundu ni kazi ya siku ya mwisho, na ukuta unadumu au haudumu kutokana na siku zilizotangulia, kwa hiyo usishangae humu nikikaa sana kwenye mambo ambayo hutayaona kazi ikiisha.

Rafu ziko za namna nyingi ila kubwa ni tatu. Kuna ya kutupia, ambayo kokoto ndogo zinachanganywa humo humo ndani ya mota halafu inarushwa na mwiko. Kuna ya mashine, kile kiboksi cha kuzungusha mkono kinachorusha vijidonge vidogo vidogo, mafundi wanaita tailolini. Na kuna ya mawe makavu, unapaka lipu laini halafu unazirushia kokoto zilizooshwa zinabaki zikionekana kwa nje. Nitaelekeza ya kutupia kwa sababu haihitaji mashine na ndo inayoshika vizuri kuliko zote, hizo mbili nitazigusa mbele kidogo. Hatua za chini ni zile zile kwa zote.

Kwanza ukuta wenyewe

Zunguka nyumba uangalie kabla hujanunua hata kilo moja ya saruji. Kama kuna sehemu mbichi, tafuta maji yanatoka wapi, gata inavuja, bomba limepasuka ndani, au udongo umejazwa nje mpaka umepita DPC, ule utando wa kuzuia maji yasipande ukutani kutoka msingini. Rekebisha hilo kwanza na ukuta uachwe ukauke, ukipiga lipu juu ya ubichi umeufungia ndani na utatafuta pa kutokea. Nyufa nazo ni hivyo hivyo, ufa wa ngazi ngazi unaofuata maungio ya tofali mara nyingi ni msingi unacheza, na msingi ukicheza hakuna lipu itakayouzuia, utarudi pale pale kama alama ya kovu.

Ule unga mweupe kwenye tofali ni chumvi. Isugue na brashi ngumu ikiwa kavu, uifagie, usiimwagie maji maana maji yanairudisha ndani ya tofali halafu inatoka tena lipu ikishakauka na kuisukuma. Kama una kuvu au ukoga wa kijani ua kwa dawa, subiri, halafu sugua. Rangi ya zamani lazima itoke. Lipu juu ya rangi haishiki ukuta, inashika rangi na rangi ndo inabanduka, mtu atakwambia piga vishimo vishimo juu ya rangi itashika, muache na imani yake.

Sasa maungio. Chukua patasi na nyundo ukwangue mota iliyopo katikati ya tofali iingie ndani kama milimita 10 hadi 12. Hii kazi inachosha mkono na inachafua, na ndo inayorukwa na kila mtu, lakini zile nafasi ndo meno ya ukuta wako. Ukuta mpya unaojenga mwenyewe jiepushe na tabu hii, mwambie fundi asipige pointi, yaani asijaze na kulainisha maungio kwa nje, aache maungio yakiwa yameingia ndani tangu siku ya kujenga, na uusubiri walau mwezi ukauke na utulie. Ukimaliza kukwangua, fagia vumbi lote kuanzia juu kushuka.

Hapa nisimame kidogo kwa wenye nyumba za zamani. Kama tofali zako ni laini, unaweza kuzikwangua kwa ukucha au ufunguo, na zimejengwa kwa chokaa bila saruji, usizipige saruji kabisa. Saruji ni ngumu kuliko tofali, haitanuki na kusinyaa nazo, na maji yakipenya kwenye ufa mwembamba hayatoki tena, yanakaa nyuma yake yakila tofali. Hata wakubwa wamepigwa na hili. Kule Uskoti kuna nyumba inaitwa Hill House, mchoraji wake Charles Rennie Mackintosh, ilijengwa kati ya 1902 na 1904 ikapigwa rafu ya saruji badala ya chokaa iliyokuwa desturi yao, maji yakaingia yakakosa njia ya kutokea, unyevu ukaisumbua miaka yote hiyo mpaka 2019 ikabidi wajenge boksi kubwa la wavu wa chuma kuizunguka nyumba nzima ili ikauke. Kwa hiyo nyumba ya chokaa piga rafu ya chokaa, na hiyo ni kazi ya subira yenye mwongozo wake.

Jaribio la maji

Chota maji na brashi urushie ukuta. Yakinywewa palepale, tofali zina kiu kali, zitaifyonza lipu maji yake kabla saruji haijafanya kazi, hapo itabidi uziloweshe kabla. Yakiteremka kama kwenye sahani, tofali ni ngumu na teleza, hapo lipu haina cha kushika na lile rojo la kutupia nitakalolieleza linakuwa la lazima. Yakinywewa taratibu, una bahati.

Mchanga

Kama kuna kitu kimoja cha kubania usibanie hapa. Unataka mchanga mkali, ukiusugua kiganjani unakwaruza, wenye chembe kubwa na ndogo zilizochanganyika mpaka kama milimita 5, sio ule mlaini kama unga. Mchanga mlaini unapakika vizuri sana, unateleza kama siagi, fundi anaupenda, halafu ukikauka unapasuka mistari mistari kama tope la bwawani. Wa baharini uache, una chumvi.

Kupima udongo uliomo ni rahisi. Chupa ya kioo iliyonyooka, jaza mchanga mpaka nusu, ongeza maji yenye chumvi kidogo ya kula mpaka robo tatu, funga, tikisa sana, weka mezani saa tatu nne bila kuigusa. Mchanga utakaa chini na juu yake utaona utando laini wa udongo. Utando ukizidi kama sehemu 8 kwa kila 100 za kimo cha mchanga, huo mchanga uoshe au urudishe.

Saruji iwe ya kawaida, mfuko usiwe na madonge. Chokaa iwe ile ya unga iliyokwisha zimwa, ya kujengea, kamwe usichukue chokaa mbichi ukaimwagia maji mwenyewe, inachemka na inaunguza. Wengine wanasema chokaa ya nini wakati saruji ipo. Chokaa inaifanya mota ikae pamoja, isikimbilie kukauka na isiwe ngumu kupita kiasi, ukuta wa nje unajikunja na kujikunjua na jua kila siku, unahitaji kitu chenye ulegevu kidogo.

Vipimo

Kuna sheria moja hapa, ukiikumbuka hii mengine utayabuni mwenyewe: kila tabaka lisiwe gumu kuliko lililo chini yake, wala lisiwe nene kuliko lililo chini. Tabaka gumu likiwa juu ya legevu, likisinyaa linalivuta la chini linaondoka nalo. Watu wanafanya kinyume, wanaongeza saruji kwenye lipu ya mwisho ili iwe imara, wanajimaliza wenyewe.

Rojo la kwanza ni saruji 1 kwa mchanga mkali 2, liwe zito kama uji wa mtoto, na hili peke yake haliko kwenye sheria hiyo, linaruhusiwa kuwa kali kwa sababu ni jembamba na kazi yake ni kung'ata tofali. Lipu ya chini ni saruji 1, chokaa nusu, mchanga 4 na nusu. Rafu yenyewe ni mchanganyiko ule ule, ila kwenye zile 4 na nusu za mchanga unatoa 1 na nusu unaweka kokoto ndogo, yaani saruji 1, chokaa nusu, mchanga 3, kokoto 1 na nusu. Kokoto ziwe za milimita 6 hivi, ukipenda rafu kubwa nenda mpaka 10, zioshwe vumbi. Kama tofali sio imara sana legeza zote mbili, lipu iwe 1 kwa 1 kwa 6, na rafu iwe 1, 1, mchanga 4, kokoto 2.

Pima kwa ndoo, ndoo ile ile, ikatwe juu kwa ubao. Kupima kwa chepe ni kujidanganya, chepe la asubuhi na la saa kumi mkono ukiwa umechoka haviko sawa, na rangi ya mota itakuonyesha hilo ukutani. Mfuko wa kilo 50 una kama lita 35 za saruji. Kwa mita 10 za mraba, lipu ya chini ya milimita 12 ukihesabu na inayojaza maungio na inayodondoka, inakula karibu mfuko mmoja na lita 150 za mchanga. Rafu ya juu inakula kama theluthi mbili ya mfuko.

Kurushia rojo

Funika madirisha, milango, mabomba na sakafu ya chini kwa nailoni. Jifunike na wewe, mota mbichi inaunguza ngozi polepole husikii mpaka jioni, glovu za mpira na miwani ni lazima hasa siku ya kutupia, na ikiingia jichoni osha kwa maji mengi safi muda mrefu halafu uende hospitali, usisubiri kesho.

Lowesha tofali zenye kiu, subiri maji ya juu yapotee, tofali iwe na ubichi lakini isimetemete. Chota rojo na mwiko au hata fagio gumu urushe kwa nguvu, liache madoadoa na vidonge vya milimita 3 hadi 5, lisipakwe wala kulainishwa. Nguvu ya kurusha ndo inayosukuma hewa itoke na saruji iingie kwenye matundu ya tofali. Kesho yake lirushie maji kidogo, kesho kutwa likwangue na kisu, likigoma kutoka endelea, likitoka unga limekaukia juani, ling'oe urudie.

Pale ambapo tofali inakutana na zege, kama kwenye linta (boriti ya juu ya mlango au dirisha) au nguzo, pigilia wavu wa kuku uliopakwa zinki uvuke sentimita 15 kila upande. Zege na tofali hazijikunji sawa, bila wavu utapata ufa ulionyooka kama umechorwa na rula. Na kama ukuta una nafasi iliyoachwa makusudi ili ucheze, usiijaze, ipitishe mpaka juu ya rafu.

Lipu ya chini

Pigilia mbao nyoofu kwenye kona na kwenye mstari wa chini, hakikisha na timazi na pimamaji. Mstari wa chini uwe juu ya DPC, na walau sentimita 15 kutoka ardhini. Usishushe lipu mpaka kwenye udongo eti ipendeze, lipu inanyonya maji kama utambi wa taa na itayapandisha juu ya DPC, umeshaiharibu kazi yake. Pale chini itokeze nje kidogo kama mdomo wa kengele ili maji yadondokee mbali na ukuta.

Paka milimita 10 hivi, isizidi 15 kwa mkupuo mmoja, kandamiza mwiko na mkono mzima. Palipo na bonde kubwa jaza siku moja kabla, usijaze bonde na kupaka ukuta kwa pamoja. Nyoosha na ubao mrefu. Ikianza kushika, ukiigusa kidole hakizami, ikwaruze kwa kitu chenye meno mistari ya mawimbi, kina milimita 5, iachane kama sentimita 2. Mawimbi, sio mistari iliyonyooka ya kulala, hiyo inakuwa njia za maji.

Halafu iache. Rushia maji ya manyunyu asubuhi na jioni siku 3, baada ya hapo iache ikauke na isinyae, jumla siku 7 hivi. Ukiona vinyufa vidogo kama utando wa buibui usihofu sana, ni afadhali isinyae sasa kuliko isinyae ikiwa na rafu mgongoni. Ikilia mtungi ukiigonga, kata kipande hicho urudie.

Siku ya kutupia

Chagua siku ya mawingu isiyo na upepo, au fuata kivuli, ukuta wa mashariki uupige mchana na wa magharibi asubuhi. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 5 acha, na mvua ikinukia acha. Jua kali na upepo ni mbaya kuliko vyote, mimi kuna ukuta niliuanza saa nane mchana na upepo unavuma, nikafika katikati mota ikanishinda, nikaacha nikamalizia kesho yake, ule mshono upo mpaka leo, nimepaka rangi mara mbili na bado nauona jua likilala.

Kwa hiyo panga ukuta mzima uishe siku moja, kuanzia kona mpaka kona. Ukishindwa simama kwenye kona, bomba la maji au ukingo wa dirisha, usisimame hewani. Na mrushaji awe mmoja kwa ukuta mmoja. Kila mtu ana mkono wake, kama mwandiko, mafundi wawili wakigawana ukuta utaona walipokutana hata ukiwa barabarani.

Changanya vikavu kwanza mpaka rangi iwe moja, kokoto mwisho, halafu maji kidogo kidogo. Iwe laini ya kutosha kuondoka kwenye mwiko kwa pamoja, lakini ukiirusha ibaki pale ilipotua isiteremke. Changanya utakachomaliza ndani ya saa moja na nusu, ikianza kugoma usiiongezee maji kuilainisha, itupe. Najua inauma.

Jaribu kwanza kwenye ubao mkubwa ulioegeshwa. Simama kama hatua moja kutoka ukutani, chota kiasi cha nusu ya mwiko, mkono usisukume, unachapa kiwiko na kifundo kwa ghafla kama mtu anayekung'uta maji kwenye vidole, mota inafunguka hewani inatua kama feni. Ikitua donge moja, umechota nyingi au umechelewa kuchapa. Kokoto nyingi zikirudi usoni, mota ni kavu mno au uko mbali. Nusu saa ya ubao inatosha mkono kuzoea.

Lowesha lipu kidogo kama imekauka sana, halafu anza juu ukishuka. Pita mara ya kwanza nyepesi, usijaribu kuziba kila kitu, rudi mara ya pili ukitokea pembe nyingine uzibe mapengo, unene wote ufike milimita 6 hadi 10. Kila dakika chache rudi nyuma hatua kumi uangalie, ukiwa umeuganda ukuta huoni kitu. Pengo lirushie palepale mota ingali mbichi. Usiiguse na mwiko kuisawazisha, mguso mmoja tu unaacha bapa linalong'aa kati ya manundu yote. Ukitaka manundu yaliyolala unaweza kupitisha mwiko wa plastiki kwa wepesi baada ya nusu saa hivi, lakini basi pitisha ukuta wote. Inayodondoka kwenye nailoni unaweza kuirudisha kama ni safi na haijaanza kushika, yenye uchafu achana nayo.

Kwa tailolini unaacha kokoto, mchanga uwe umechekechwa na mchanganyiko usizidi ukali wa lipu ya chini, unazungusha mkono mashine ikiangalia kulia, mara ya pili kushoto, mara ya tatu mbele, kila mkupuo usubiri wa kwanza ushike, na isizidi milimita 6. Ukizidisha maji inateremka machozi. Kwa mawe makavu unapaka lipu laini ya milimita 8 hadi 10 kipande ambacho utakiwahi, unarusha kokoto zilizooshwa zikiwa na ubichi kidogo, unazigonga taratibu na ubao zizame nusu.

Baada ya hapo

Toa mbao za kona mota ikishashika lakini haijawa jiwe, urushie vidogo kuziba. Kinga ukuta na jua kwa magunia au nailoni isiyogusa rafu, manyunyu ya maji kuanzia kesho yake kwa siku 3 au zaidi kukiwa na joto. Tumia pampu ya kupulizia dawa iliyo safi, bomba la maji lenye presha linachimba.

Rangi isubiri wiki 4. Saruji changa ina ukali unaoimeza rangi na kuibabua, na unyevu bado unatoka. Chagua rangi ya nje inayoruhusu ukuta kupumua, usipake ile inayofanya kama mpira, na tumia rola yenye manyoya marefu au utamaliza brashi tatu kwenye yale mashimo. Kama unataka rangi iwe ndani ya mota yenyewe, unga wa rangi usizidi sehemu 10 kwa 100 za uzito wa saruji, na uupime kwa mizani kila mchanganyiko, kwa macho utapata ukuta wa madoa.

Mwaka ukipita zunguka tena na mpini wa nyundo, gonga taratibu hasa chini ya madirisha na kwenye kona. Panapolia mtungi kata pembe nne kabla maji hayajaingia, rudia tabaka zote kwa vipimo vile vile. Kiraka kitaonekana, hilo likubali, ndo maana niliandika vipimo vyangu nyuma ya mlango wa stoo kwa kalamu ya rangi.